Kulivika Gari Koti: Somo la Joto

Na Mwalimu wa Fizikia

Kila mwanafunzi wa shule hii aliyekwisha kupita Kidato cha Pili aweza kuniambia, hata nikimwamsha usiku wa manane, ya kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnururisho. Huyaandika maneno hayo vizuri katika mtihani, akapata alama zake, kisha akalifunika daftari. Lakini elimu isiyotoka daftarini ni kama mbegu iliyosahauliwa ghalani. Kwa hiyo katika toleo hili nataka tulichukue somo hilo la joto, tulipakie ndani ya gari, tuone kama litatufaa barabarani.

Gari lenyewe ni la shemeji yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa mitumba, masweta na mablanketi hasa, na kazi yake humzungusha katika minada tangu Ruaha Mbuyuni, mahali penye joto kali chini ya mlima wa Kitonga, hata Njombe na Makete ambako baridi ya mwezi wa Juni na Julai huuma mifupa. Alinunua Toyota Hiace iliyotumika, ya kubebea mizigo, isiyo na vioo vya ubavuni. Nia yake ilikuwa kutia kitanda na kabati nyuma, ili alale humo humo, aokoe fedha za nyumba ya wageni na kuilinda mali yake. Jambo hilo si geni ulimwenguni. Huko Ujerumani kampuni ya Westfalia ilianza kutia vitanda na makabati katika magari ya Volkswagen tangu mwaka 1951, na leo watu wengi wa Ulaya na Marekani hununua gari tupu na kulitengeneza wenyewe liwe nyumba ndogo ya safari.

Lakini gari tupu ni sanduku la chuma. Mchana jua hulifanya tanuru, na usiku baridi hulifanya kaburi. Nilimwuliza, "Shemeji, usiku wa Makete utaota nini?" Akanijibu bila wasiwasi, "Si nitaingiza jiko dogo la mkaa, nifunge milango, nilale?" Nikamwambia, "Shemeji, ukilala na jiko hilo, huenda asubuhi usiamke." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi nifanyeje, Mwalimu?" Jibu la swali hilo ndilo somo letu.

1. KOTI HALINA MOTO

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja la mawazo. Watu husema, "Sweta hili lina joto." La, hasha! Livike jiwe sweta hilo, uliache chumbani usiku kucha, asubuhi utalikuta jiwe ni baridi vile vile. Sweta halina moto ndani yake. Kazi yake ni kulizuia joto la mwili lisitoroke upesi. Kadhalika chupa ya chai, ambayo asili yake ni chombo alichokibuni mtaalamu wa Uskoti, James Dewar, mwaka 1892. Chupa hiyo haichemshi chai, huilinda tu. Ndiyo maana ukitia humo maji baridi, nayo hukaa baridi kwa muda mrefu, kwa kuwa joto la nje halipati njia ya kuingia.

Basi, kama koti halitoi joto, katika gari la kulala joto litatoka wapi? Litatoka kwa mlalaji mwenyewe. Mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa joto la kadiri ya wati 75. Watu wawili hutoa wati 150. Kwa hiyo mimi na shemeji yangu tulipolala humo tulikuwa ni majiko mawili madogo, yasiyotumia mkaa wala kutoa moshi wa sumu. Swali ni moja tu: je, joto hilo hukaa nasi, au hukimbilia nje?

2. HESABU YA JOTO LINALOTOROKA

Tulipima kuta, milango ya nyuma na dari ya sehemu ya kulala, tukapata karibu mita za mraba 15. Tuseme kwamba ndani ya gari pana joto lipitalo lile la nje kwa nyuzi 10.

Kila kitu kina uwezo wake wa kupitisha joto, nao hupimwa kwa wati kwa kila mita kwa kila uzi mmoja wa tofauti ya joto. Chuma cha gari kina kadiri ya 50. Plaiwudi ina 0.13. Sufu ya kondoo ina 0.04. Polisterini, yaani lile povu gumu jeupe, jepesi kama unyoya, linalozungushiwa televisheni na friji zinapotoka kiwandani, ina 0.035 hivi. Hewa iliyotulia ina 0.025. Twaona kwamba chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko polisterini. Tena twaona siri ya vihami vyote: sufu na povu hutulinda kwa sababu vimeifunga hewa katika vyumba vidogo isiweze kutembea. Polisterini karibu yote ni hewa tupu. Kitu chenyewe ni asilimia 2 tu.

Bati la gari lina unene usiofika milimita moja, na kwa joto ni kana kwamba halipo kabisa. Kinga iliyopo ni ule utando mwembamba wa hewa ulioshikamana na bati ndani na nje, ambao wahandisi huuhesabu kuwa ukinzani wa 0.17. Kwa hiyo:

Gari tupu: 15 × 10 ÷ 0.17 = karibu wati 880.

Sasa tuongeze polisterini ya sentimita 3. Ukinzani wake ni unene kugawanya kwa uwezo wa kupitisha, yaani 0.03 ÷ 0.035 = 0.86. Jumla na ule wa kwanza ni 1.03.

Gari lenye koti: 15 × 10 ÷ 1.03 = karibu wati 146.

Angalieni vizuri namba hizo. Ili gari tupu lipite baridi ya nje kwa nyuzi 10, zatakiwa wati 880, na sisi wawili tuna 150 tu; kwa hiyo tungeongeza uzi mmoja na nusu hivi, kisha tutetemeke hadi alfajiri. Lakini gari lenye koti lataka wati 146, nazo tunazo! Sentimita 3 za povu zimefanya kazi ambayo shemeji yangu alitaka kulipa jiko.

Walakini hesabu ya karatasi haina sakafu, wala kioo, wala matundu ya hewa, nayo yote hutoa joto. Likizo ya mwezi wa Juni tulilala Makete, nikatundika kipimajoto kimoja nje na kimoja ndani. Alfajiri cha nje kilionyesha nyuzi 6, na cha ndani nyuzi 12. Hatukupata nyuzi 10, tulipata 6. Na kwa blanketi mbili kila mtu, tulilala salama.

3. NAMNA TULIVYOIFANYA KAZI

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, au mzazi mwenye gari la namna hiyo, naandika hatua zetu kwa utaratibu.

Kwanza, kutu. Tulivua kila kitu ndani hata likabaki bati. Palipokuwa na kutu tulipasugua kwa brashi ya waya na msasa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaiacha ikauke kabisa. Hatua hii hairukwi. Kutu iliyofunikwa kwa povu haionekani tena, nayo huendelea kula taratibu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, matundu ya chini. Kila mlango wa gari, na kila kingo ya chini, vina vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua. Haifai kabisa kuviziba kwa povu wala gundi. Maji yakikosa njia ya kutoka, yataoza gari kutoka ndani.

Tatu, umeme. Nyaya za taa tulizipitisha ndani ya mabomba madogo ya plastiki kabla ya kuweka povu. Polisterini ikigusana na ganda la plastiki la waya kwa muda mrefu huliharibu ganda hilo, likawa gumu na kupasuka. Na waya uliopasuka ganda katikati ya povu ni moto unaongoja siku yake.

Nne, povu lenyewe. Tulikata vipande vya polisterini kwa kisu kikali, kila kimoja kwa kipimo cha nafasi yake kati ya mbavu mbili za gari, tukavigandisha kwa gundi isiyo na petroli. Jambo hili lina sababu: petroli huiyeyusha polisterini kama maji yayeyushavyo sukari, na gundi nyingi za viatu zina dawa za namna hiyo. Jaribu gundi yako juu ya kipande kidogo kwanza. Palipopinda tulitumia magodoro membamba ya povu ya mazoezi, ambayo vitundu vyake vimefungwa na hayanywi maji. Sponji la godoro la kawaida tulilikataa, maana hunywa maji kama kitambaa, na likiungua hutoa moshi wa sumu.

Tano, mbavu. Mbavu za gari ni daraja la chuma: povu likikaa kati yake tu, joto hupita juu ya mbavu kama mtu apitaye darajani huku mto umejaa. Hapo biashara ya shemeji yangu ilitufaa. Tulichagua masweta yasiyouzika ya sufu halisi, tukayafua na kuyakausha juani ili kuondoa nondo wa nguo, tukayakata vipande na kuvishindilia kidogo ndani ya mbavu za juu. Kisha tulipitisha ukanda wa lile povu la mazoezi juu ya kila ubavu kabla ya kupigilia plaiwudi. Mtu awezaje kuijua sufu halisi? Achome uzi mmoja. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake huvunjika vidoleni. Nailoni huyeyuka ikawa tone gumu.

Sita, ngozi ya ndani. Tulifunika yote kwa plaiwudi ya milimita 4. Plaiwudi si pambo tu, bali hulikinga povu lisivunjike, tena hulitenga na cheche, kwa kuwa polisterini hushika moto. Mtu asifikiri koti hili ni zito: povu lote halikuzidi kilo 10, na plaiwudi ilikuwa karibu kilo 36, pamoja ni kama uzito wa mvulana mmoja wa Kidato cha Kwanza.

Saba, kioo na dari. Kwa kioo cha mbele na vya milango tulikata vibao vya povu vyenye karatasi ya alumini upande wa nje, tukawa tunaviweka tukiegesha na kuviondoa tukisafiri. Juu ya paa tulipaka rangi nyeupe. Sababu yake ni Ruaha Mbuyuni: jua la adhuhuri humimina karibu wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba, na paa letu lina mita 5, sawa na majiko matano ya umeme yaliyopangwa juu ya vichwa vyetu. Rangi nyeupe huirudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo kabla haijawa joto. Hapa nawaonya juu ya karatasi ya alumini: ikibanwa kati ya bati na plaiwudi, joto hupita ndani yake kwa mpitisho bila shida. Uwezo wake ni wa kurudisha mnururisho, na kwa hiyo hapana budi iwe na nafasi ya hewa mbele yake.

4. MAJI YATOKAYO PUMZINI

Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi waliojenga magari kama haya wamejuta. Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na jasho, kadiri ya gramu 40 kwa saa. Watu wawili kwa saa 8 hutoa gramu 640, yaani zaidi ya nusu lita ya maji. Na hewa ya gari letu ni mita za ujazo 6 hivi. Hewa ya nyuzi 12 haiwezi kubeba mvuke zaidi ya gramu 11 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo hewa yote ya gari haichukui hata gramu 70. Je, hizo nyingine huenda wapi? Hutafuta mahali pa baridi kuliko pote, yaani bati lililo nyuma ya povu, zikawa umande. Umande huo hutiririka gizani, ukazaa kutu na ukungu.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kuligandisha povu barabara juu ya bati, pasiwe na nafasi ambamo hewa yenye mvuke itapita. Sufu ya mbavuni nayo husaidia, kwa kuwa yaweza kunywa mvuke wa karibu theluthi ya uzito wake, kisha ikautoa mchana. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu, yenye wavu wa mbu, yasiyofungwa usiku. Hewa ya joto yenye mvuke hupanda na kutoka juu, hewa kavu huingia chini. Huo ndio msafara, ile njia ya pili ya joto, nasi twautumia kwa faida yetu. Ndiyo, hutunyang'anya nyuzi chache. Lakini heri kulala na blanketi moja zaidi kuliko kununua gari jingine.

5. KWA NINI JIKO LISIINGIE

Narudi sasa kwa jiko la mkaa. Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikerehi koo. Ikiingia damuni hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kuipeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Aliye macho huumwa kichwa, hulegea na kutapika. Aliyelala haoni dalili yo yote; usingizi wake huzidi kuwa mzito tu. Watu wengi hudhani kwamba mkaa uliokwisha kuwa mwekundu na kuacha kutoa moshi ni salama. La! Moshi umekwisha, lakini sumu ingaliko.

Tena zingatieni neno hili. Gari bovu lenye nyufa huingiza upepo, na upepo huo hupunguza sumu kidogo. Gari lililovikwa koti vizuri limezibwa kila ufa. Kwa hiyo, kadiri fundi alivyofanya kazi yake vizuri, ndivyo jiko linavyozidi kuwa hatari ndani yake. Matundu mawili ya hewa hutosha kutoa mvuke wa pumzi, hayatoshi kumwokoa mtu na mkaa. Injini nayo isiachwe ikinguruma huku watu wamelala ndani. Shemeji yangu sasa hupika nje, huacha jiko nje, na huingia kitandani na chupa yake ya chai.

Je, habari hii ni ya wenye magari peke yao? Sivyo. Baadhi ya wanafunzi wetu wamepanga vyumba mitaani, na nyakati za baridi huziba dirisha kwa gunia, wakaingiza jiko wasome na kulala kwa raha. Chumba hicho ni sawa na gari lile. Nawasihi wanafunzi, na wazazi wanaowatembelea, wafanye kama tulivyofanya sisi: wazuie joto lisitoroke, wasilinunue kwa uhai wao. Watandike gazeti nene au boksi chini ya godoro, maana sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili. Watundike pazia zito mbele ya kioo. Watie dari ya maturubai au ya maboksi chini ya bati, mbali na taa. Wavae soksi na kofia kitandani. Na waache nafasi ya hewa juu ya dirisha. Ukimkuta mwenzako amezimia penye jiko, fungua mlango kwanza, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali upesi, hata akionekana amepata nafuu.

6. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tukiongeza povu kutoka sentimita 3 hadi 6, je, joto linalotoroka litapungua nusu kamili? Onyesha kwa hesabu, ukikumbuka ule ukinzani wa 0.17.

2. Magari mawili yamelala nje usiku mmoja, na ndani ya kila moja wamo watu wawili. Paa la lile lenye koti lina umande mwingi kwa nje kuliko paa la lile tupu. Eleza sababu.

3. Chukua makopo mawili ya maziwa yaliyo sawa. Yatie maji ya moto sawasawa na kuyafunika. Moja livike soksi ya sufu, jingine liache uchi. Soma kipimajoto kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa, uchore grafu. Rudia jaribio, soksi ikiwa imelowa maji. Je, umejifunza nini juu ya povu linalonywa maji?

Wenye majibu wayalete ofisi ya idara ya sayansi kabla ya kufunga shule. Nami nitafurahi zaidi nikimwona mwanafunzi aliyelitoa jiko lake nje ya chumba, hata kama hesabu yake ya swali la kwanza ina kasoro.